Mama Tumaini, upole wa mwanao haukumletea kigugumizi

Mama Tumaini, uzi wako niliusoma juzi usiku nikifunga hesabu za duka, na tangu hapo haujanitoka akilini. Umesema Tumaini ana miaka mitatu na nusu, alikuwa akizungumza vizuri tu, kisha kama miezi mitatu iliyopita akaanza kurudia silabi ya kwanza mara nne, mara tano, na siku nyingine anafungua mdomo sauti isitoke. Umesema ni mtoto mpole, wa kujificha nyuma ya gauni lako wageni wakija. Mavyaa wako amekwambia kigugumizi kimetokana na huo woga, kwamba umemdekeza mno, na dawa ni kumpeleka kijijini kwa binamu zake Desemba akachangamke. Nimeona na majibu ya waliotangulia: mmoja kasema ataacha mwenyewe, mwingine kasema umkate udata, na mwingine kakuambia umshtue kama mtu mwenye kwikwi.

Nivumilie, nitaandika kwa urefu. Hayo yote niliambiwa mimi, na moja nililifanya.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, naishi Umoja mwaka wa kumi na mbili huu, nauza nafaka soko la Mutindwa. Nina watoto wawili na wote walishikwa na kigugumizi. Ndugu yangu wa tumbo moja anacho mpaka leo, na ana miaka thelathini na sita. Watu watatu wa damu moja, na hulka zao hazifanani hata kidogo.

Nianze na ndugu yangu. Ni makanga wa matatu za kutoka Umoja kwenda tao, na kazi ile haiwezi mtu mwoga. Tangu utotoni alikuwa wa mbele kwa kila kitu: wa kwanza kuupanda mwembe, wa kwanza kujitosa majini, mgeni akibisha hodi yeye ndiye wa kukimbia kumpokea mzigo. Na alianza kugugumiza akiwa na miaka mitatu. Mama yetu hakuwahi kusema kigugumizi kile ni cha woga, kwani woga wenyewe ungemtafuta usimwone. Ukisimama stejini utamsikia akiita "tao hamsini, tao hamsini" bila kukwama hata mara moja, kwa sababu wito ule una mdundo, na usemi wenye mdundo humlegeza mwenye kigugumizi. Ndivyo ilivyo kwa kuimba na kwa kusoma kwa pamoja. Akiingia ndani kumwambia abiria mmoja "bado sijapata chenji", hapo ndipo "b-b-b-bado" inapomshika. Wapo abiria wanaommalizia neno. Yeye hulirudia mwenyewe mpaka likaisha, akaenda kwa abiria mwingine.

Sasa mwanangu wa kwanza. Amepewa jina la baba mkwe wangu, na kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa Babu, nami nitamwita hivyo hapa. Huyu alikuja duniani na moyo kama jani la kifaurongo, ukiligusa linajikunja. Soksi ikiwa na uzi uliochomoza ndani, viatu havivai. Mashine ya kusaga unga ikiwashwa mtaa wa pili, anaziba masikio. Tulipohamisha kitanda kutoka ukuta huu hadi ule, hakulala usiku mbili. Mgeni akija, alihitaji nusu saa nyuma ya pazia, kisha akitoka huko anavuta kigoda chake akakaa karibu na mgeni yule yule na hataki aondoke. Hata furaha yake ilikuwa hivyo, kubwa kuliko mwili. Asubuhi ya Idi alikuwa akitetemeka kabla hata ya kuvaa kanzu.

Alianza kukwama akiwa na miaka miwili na miezi kumi, wiki zile zile alizoanza kuunga sentensi ndefu. Kwa Kiswahili chetu vitenzi vingi huanza na kiambishi, basi yeye alikwama pale pale mlangoni: "ni-ni-ni-ni-nimemwona paka." Baada ya mwezi ikaja ile ya kuvuta, "mmmmaji". Kisha ikaja iliyoniondolea usingizi: mdomo wazi, shingo imekaza, kope zinapepesa, hakuna kinachotoka.

Mwana, binti yangu, alianza akiwa na miaka mitatu kasoro kidogo. Ni mjomba wake mtupu, mcheshi, haoni haya. Akikwama alisubiri neno kama mtu anayesubiri ndoo ijae bombani, na likitoka akaendelea na hadithi yake. Kilidumu kama miezi saba, kikapungua, kikaisha. Sijui kingine cha kukuambia kuhusu kigugumizi chake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukitilia maanani.

Babu alijisikia. Siku ya kwanza aliyokwama vibaya alijifunika mdomo kwa kiganja akanitazama kana kwamba amevunja sahani.

Na hapa nakuja kwenye kosa langu, Mama Tumaini. Alipotimiza miaka minne nilifanya kile kile mavyaa wako anachokushauri. Kila mtu alikuwa ameshaniambia mtoto huyu ni mwoga, ndio maana ulimi unamfunga, mpeleke mahali penye watoto wengi. Wifi yangu anakaa Likoni, ana watoto watano, nyumba yake imejaa vicheko kutoka alfajiri hadi usiku. Nikampeleka likizo ya Desemba, wiki tano. Nikamwachia begi nikarudi Nairobi, na nilikataa kuzungumza naye kwa simu wiki ya kwanza kwa sababu nilishauriwa kwamba akisikia sauti yangu atalia.

Aliporudi, kigugumizi kilikuwa kimepungua kweli. Mume wangu alifurahi, mavyaa wangu akapiga simu kushukuru Mungu. Ilinichukua siku tatu kugundua kilichotokea. Alipotaka maji aliniletea kikombe. Alipoulizwa jambo alitikisa kichwa au akasema "eeh". Paka, ambaye alimpenda kuliko chochote, sasa aliitwa "yule". Mtoto alikuwa amepunguza maneno. Aliyoyabakiza yalikuwa yale mepesi, yasiyomwangusha. Simlaumu wifi yangu, alimtunza vizuri. Watoto wake walimwiga alivyokwama, kama watoto waigavyo kila kitu, na kwa Mwana lingekuwa jambo la kucheka pamoja nao. Kwa Babu lilikuwa kidonda.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kumtafuta mtaalamu wa usemi. Nchi hii wataalamu hawa ni wachache, ukilinganisha na idadi ya watoto, na tulisubiri foleni miezi miwili. Mama yule aliniuliza kuhusu ukoo kabla hajaniuliza kuhusu malezi. Nilipomtaja ndugu yangu alitikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia jibu. Akanieleza kwamba kigugumizi kinaanzia namna ubongo unavyopanga na kuendesha mwendo wa usemi, na kwamba kinakwenda na damu. Huanza kwa kawaida kati ya miaka miwili na minne, wakati lugha inapomjaa mtoto kwa kasi. Wavulana hupata zaidi ya wasichana, na wavulana ndio wanaobaki nacho zaidi. Watoto wengi, kama watatu kati ya wanne au hata zaidi, huacha. Watu wazima wenye kigugumizi ni kama asilimia 1. Kwa hiyo aliyekuambia "ataacha mwenyewe" hakukosea kwa hesabu, ila hajui kama Tumaini ni mmoja wa wale watatu, wala wewe hujui, wala mimi.

Udata ni ngozi inayoushika ulimi kwa chini, na mtoto mwenye udata tatizo lake hulioni kwa mwendo wa siku nzuri na siku mbaya. Tumaini wako anaimba, sivyo? Anaongea na wanasesere wake bila kukwama? Basi ulimi wake hauna ulichofungwa. Usikubali mtu ampitishie wembe mtoto mdomoni. Na kumshtua mtoto mwoga ili aongee vizuri, hilo hata sitalijadili.

Suala la hulka lilinisumbua zaidi kuliko yote, kwa sababu lilikuwa linanihukumu mimi. Nilisoma nilichoweza kusoma. Mwaka 1956 huko New York, madaktari wawili, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto tangu uchanga, miaka na miaka. Walichokiona ni kwamba mtoto anazaliwa na namna yake. Kama asilimia 40 walikuwa wepesi, asilimia 10 wagumu, na asilimia 15 walikuwa wa kuchelewa kuzoea, wale wanaojitenga kwanza na jambo jipya kisha polepole wakaingia. Waliobaki walichanganya. Nilipofika kwa hao wa kuchelewa kuzoea nilimwona Babu wangu na kigoda chake nyuma ya pazia. Thomas na Chess hawakuiita hulka hiyo ugonjwa. Walisema taabu huja pale hulka ya mtoto na matarajio ya waliomzunguka vinaposuguana.

Sasa kuna uhusiano gani na kigugumizi? Wapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Edward Conture na wenzake, waliowalinganisha watoto wadogo wenye kigugumizi na wasio nacho kwa kuwauliza wazazi. Mwaka 2003 waliandika kwamba wenye kigugumizi, kwa maelezo ya wazazi wao, walikuwa wazito zaidi kuzoea mabadiliko. Mwaka 2006 wakaongeza kwamba hisia zao hupanda haraka zaidi, na kuzituliza ni kazi zaidi. Nilipoyasoma hayo nilijiambia, basi mavyaa alikuwa sahihi.

Lakini hebu angalia jambo moja. Wazazi wale waliulizwa habari za watoto wao wakati watoto tayari wana kigugumizi. Mtoto aliyekwama mara elfu moja mbele za watu atakosaje kuwa mzito kuingia kwa wageni? Utajuaje kipi kilitangulia? Hapo ndipo utafiti wa Melbourne unaponisaidia. Wale waliwafuatilia watoto zaidi ya 1,600 tangu wakiwa wachanga, kabla yeyote hajaanza kukwama, na wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kufikia miaka minne, asilimia 11 walikuwa wameanza kugugumiza, idadi kubwa kuliko ile asilimia 5 iliyozoeleka vitabuni. Na hulka zao? Zililingana na za wenzao. Hawakuwa waoga zaidi, hawakuwa wa kujitenga zaidi. Lugha yao ilikuwa hata mbele kidogo ya wengine. Jambo la pili walilolikuta linafaa umwambie yule wa "ataacha mwenyewe": ndani ya mwaka mmoja tangu kuanza, walioacha walikuwa wachache sana, kama 6 kati ya 100. Kuacha kupo, ila kunachukua muda, na muda huo mtoto anauishi kila siku.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyoliona baada ya miaka sita nalo. Hulka haikumletea Babu kigugumizi, kama vile ujasiri haukumkinga mjomba wake. Hulka inaamua uzito wake begani mwa mtoto. Mwili wa mtoto anayepandwa na hisia haraka unakaza haraka, na usemi uliokuwa tayari dhaifu unaangukia hapo. Ndio maana Babu alikwama zaidi siku ya furaha kubwa kuliko siku ya kawaida. Watu hawaamini nikiwaambia hili. Siku ya Idi, siku baba yake anarudi kutoka safari, siku ameona twiga kwenye mbuga pale Lang'ata mara ya kwanza, hizo ndizo zilikuwa siku zake ngumu kuliko zote. Woga peke yake hauelezi hayo.

Na kuna upande wa pili unaotuhusu sisi wakubwa. Mwaka 1939, Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani, mwanafunzi mmoja aitwaye Mary Tudor, chini ya mwalimu wake Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, walikwenda kwenye nyumba ya mayatima na kuwachukua watoto 22. Baadhi yao walikuwa wanaongea sawasawa kabisa, lakini wakawa wanaambiwa kila mara kwamba usemi wao una kasoro, wajirekebishe, wasifungue mdomo mpaka wawe na uhakika. Johnson aliamini kwamba kigugumizi huzaliwa na wazazi wanaokitaja. Watoto wale hawakupata kigugumizi. Walipata haya. Kadhaa wao wakawa hawataki kuongea, wanajibu kwa neno moja, wanaziba mdomo. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001, watoto wale wakiwa wazee. Niliposoma habari ile nililia dukani, mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nilimwona mwanangu akiniletea kikombe.

Tulichofanya nyumbani, basi. Mtaalamu alianza na njia iliyotoka Sydney, ya Lidcombe, ambapo mzazi anafundishwa kumsifu mtoto anapotamka bila kukwama na mara moja moja kumtajia alipokwama. Kwa watoto wengi inafaa, na nina rafiki Buruburu ambaye mwanawe alinyooka kwa njia hiyo. Babu hakuiweza. Nikimwambia "umesema laini sana hapo", alininyamazia. Sifa ile ilimwambia kwamba nilikuwa nasikiliza ulimi wake wakati yeye alikuwa ananipa habari ya paka. Baada ya wiki tatu mtaalamu akaiacha, tukaingia kwenye njia ya kurekebisha mazingira ya mtoto, kupunguza yale yanayoudai usemi wake zaidi ya anavyoweza. Baadaye nilisoma kwamba Uholanzi waliwagawa watoto 199 katika njia hizi mbili, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja na nusu hazikutofautiana sana. Mtaalamu akikupa moja na Tumaini akajikunja, mwambie. Ni haki yako na ni kazi yake kubadilisha.

Kubadilisha mazingira kulianza na mimi. Sokoni naongea haraka, ndiyo kazi, na nilikuwa nikiipeleka kasi ile nyumbani. Nilijifunza kumaliza sentensi, nikae kidogo, kisha niseme nyingine. Mtoto akimaliza kusema nahesabu moja, mbili, ndipo nijibu. Sikumwambia yeye aongee polepole. Hilo nakuomba uwakataze wote nyumbani: "polepole", "vuta pumzi", "anza tena", "fikiri kwanza". Wanayasema kwa mapenzi, lakini kila moja linamwambia mtoto amekosea. Usimmalizie neno. Mtazame usoni kama unavyomtazama yeyote, mpaka amalize, kisha ujibu alichosema.

Mezani, kila mtu alikuwa akiongea kwa pamoja, na Mwana ndiye aliyeshinda kila siku. Tukaweka sheria ya mwiko wa kupikia: anayeushika ndiye anayesema, wengine wanatafuna. Babu alikuwa anaushika mwiko ule kama sultani. Tena kila jioni dakika tano, mimi na yeye sakafuni, simu iko chumba kingine, yeye ndiye anayechagua mchezo, na mimi siulizi maswali. Maswali ni mtihani. Nasema tu ninachokiona: "Lori limebeba mchanga." Yeye anaongeza akitaka. Hizi dakika tano nilizidharau mwanzoni, na ndizo zilizomrudishia maneno.

Kwa hulka yake tulifanya mambo ambayo hayahusu usemi hata kidogo. Mabadiliko tulimwambia mapema. Kabla ya kuanza PP1, yaani chekechea, tulitembea njia ya shule wiki nzima, tukasimama getini, tukarudi. Kabla ya Idi tulimwonyesha watakaokuja, nani na nani, na mahali atakapojificha akichoka, chini ya meza yenye kitambaa kirefu, na wageni waliambiwa wasimtoe. Asubuhi za Nairobi unazijua, gari la shule linapiga honi saa kumi na mbili kasoro na kila mtu anapiga kelele. Niliamua kuamka nusu saa kabla, kwa sababu mtoto anayeharakishwa kuvaa atakwama hata kusema "viatu". Na tulimpa majina ya hisia. Alikuwa akisema "moyo wangu unakimbia", nami namwambia tukae mpaka utembee.

Tukakizungumza kigugumizi waziwazi pia. Niliogopa hilo kuliko yote. Siku moja alikwama vibaya kwenye "kiboko", akatoka jasho, nikamwambia, "Neno hilo limekusumbua, pole. Hata mjomba linamsumbua." Alinitazama muda mrefu. "M-m-mjomba pia?" Jumapili ile mjomba alipokuja, alimkalia mapajani akimsikiliza anavyokwama, kwa furaha ambayo sijui nikuelezeje. Kama mna mtu mzima katika ukoo mwenye kigugumizi asiyekionea haya, mlete karibu na Tumaini.

Shuleni tulipata mwalimu mgumu mmoja na mwema mmoja. Wa kwanza alimsimamisha mbele ya darasa mpaka amalize shairi, akidhani anamjengea ujasiri. Tukahama, shule siitaji. Wa pili alimwacha asome kwa pamoja na mwenzake, sauti mbili, na kwa sauti mbili Babu hakwami. Kisha akaanza kupunguza, mstari mmoja peke yake, kwa hiari yake. Kule madrasa nako wanasoma kwa pamoja, na ustadhi aliniambia hakujua kwamba mtoto ana kigugumizi mpaka nilipomwambia mimi. Ustadhi huyo ndiye aliyenifumbua macho kuhusu dua ya Nabii Musa, ambayo sisi tunaifundisha kila mtoto. Huyo ni Musa yule yule wa Kitabu chenu aliyesema ulimi wake ni mzito. Katika dua ile anaomba kwanza akunjuliwe kifua, kisha ndipo anaomba lifunguliwe fundo la ulimi. Nilikuwa nimeisoma tangu utotoni bila kuuona mpangilio huo.

Babu sasa ana miaka tisa, yuko gredi ya nne. Bado anakwama, wiki nyingine sana, wiki nyingine kidogo. Bado ni wa pazia kwanza. Lakini mwezi uliopita alikwenda dukani peke yake kununua dawa ya mbu, akakwama kwenye "d", watu wakimsubiri foleni, akaisema, akalipa, akarudi na chenji kamili. Alinihadithia mwenyewe, na alikwama pia wakati wa kunihadithia.

Sasa Tumaini. Usisubiri mwaka. Ni mvulana, amezidi miaka mitatu, na umesema tayari sauti inamfunga. Ulizia kwa baba yake na kwenu kama kuna aliyebaki na kigugumizi ukubwani, kwa sababu hilo likiwepo lina uzito kuliko upole wake wote. Kama pesa za mtaalamu wa binafsi hazipo, anza na vituo vya tathmini vya EARC, au KISE, chuo cha elimu maalumu pale Kasarani, wanapowapima watoto na kukuelekeza pa kwenda. Nenda na video ya simu, dakika mbili akiongea siku mbaya, kwa sababu mbele ya mgeni mtoto kama wako hatasema neno na utarudishwa nyumbani ukiambiwa hana kitu.

Kuhusu Desemba, mimi nisingempeleka peke yake. Nenda naye. Kaa siku nne, tano za kwanza mpaka atoke nyuma ya gauni kwa wakati wake, na waambie binamu zake kabla hujafika, kwa lugha ya watoto, kwamba maneno ya Tumaini huchelewa kutoka na wao wamngoje. Mavyaa wako usibishane naye kwa vitabu. Mpe kazi. Mwambie Tumaini anamhitaji bibi wa kumsimulia ngano jioni polepole, yeye akisikiliza tu. Wazee wetu kwa ngano hawana haraka, na hapo atakuwa anamsaidia kuliko mtaalamu yeyote.

Kuna jambo moja hukuliandika, na ndilo ambalo ningependa kulijua kabla ya mengine. Je, yeye mwenyewe anajua kwamba anakwama? Anaziba mdomo, anabadili neno katikati, anaacha kusema akakuonyesha kwa kidole? Mtazame wiki hii bila kumuuliza, kisha uniandikie hapa hapa.